Kipande cha Fundi Nusu

Nianze kwa kusema kwamba shemeji yangu si mvivu. Nalisema hili mapema kwa sababu nitamsema sana humu, na sitaki mtu aje baadaye kunisuta. Ni fundi seremala, anaamka kabla ya mtu yeyote nyumbani, na akikuchongea kitu utakipapasa kwanza kabla ya kukitumia. Tatizo lake ni moja tu: hamalizi. Mimi ni mdogo wa mke wake, nakaa chumba cha uani, kwa hiyo sihadithiwi, naona. Kabati la jikoni lina mlango mmoja; wa pili umeegemezwa ukutani na tumeshauzoea kama mtu wa nyumbani. Ukuta wa sebule umepakwa rangi ya samawati mpaka pale alipofika siku jirani alipopiga hodi, na ukikaa kwenye kochi unaona kabisa brashi iliposimama. Kitanda cha binti yao kina ubao wa kichwani wenye maua yaliyochongwa hadi unataka kuyanusa, ila hakina miguu. Godoro liko sakafuni, maua yako juu. Mimi ndiye niliyempa jina la Fundi Nusu, na mtaa mzima ukalipokea kwa mikono miwili.

Chanzo cha yote ni kwamba hajui kusema hapana. Mtu akichungulia mlangoni na kusema, "Fundi, njoo kidogo," basi penseli inapanda sikioni, nyundo inaingia mfukoni, na mtu wetu ameshaondoka. Hiyo "kidogo" inakula siku nzima. Amefunga milango ya watu, amenyoosha meza za watu, amezibua hata masinki ya watu, kazi ambayo si yake wala hakuisomea. Akirudi amechoka, na kesho anakuja mwingine. Dada yangu, ambaye anashinda kwa dobi akipiga pasi mashati ya watu asiowajua, aliacha kugomba zamani. Siku hizi anamwangalia tu na kuguna.

Mwenye kumuuma shemeji zaidi ni mtoto. Binti yao wa pekee tunamwita Hakimu, kwa sababu tangu akiwa mdogo hukunja mikono na kutoa hukumu: chai hii ina sukari nyingi, mama mdogo leo umevaa vibaya, huyu mgeni anadanganya. Mara nyingi yuko sahihi, jambo linaloudhi. Zamani alikuwa akimwomba baba yake vitu: kiti cha kusomea, sanduku la vitabu, bembea ya uani. Kisha akaacha kuomba. Hakununa wala hakulia, aliacha tu, kama mtu anavyoacha kupitia duka ambalo kila akienda limefungwa. Shemeji aliliona hilo. Nilimkuta siku moja ameinama chumbani kwa mtoto, anaupangusa vumbi ule ubao wa maua kwa kiganja, na nikamwonea huruma bila kupenda.

Basi ikatoka habari ya mlima. Nyuma ya mtaa wetu kuna mlima wenye msitu ambao watu walizoea kuupanda siku za mapumziko, hadi mvua zilipoila njia ukabaki mtaro mtupu. Ofisi ya misitu ikaweka kizuizi na kufuli. Sasa wakatangaza kwamba familia za kujitolea zije mwisho wa wiki na majembe, mahema na watoto wao, zilale hukohuko, zijenge njia mpya. Kila familia ingepewa kipande chake. Jumapili adhuhuri njia ingekaguliwa kuanzia chini hadi juu. Ikipita yote, kizuizi kinaondolewa palepale. Kikibaki kipande kimoja tu, kufuli inarudi mpaka mvua zinazokuja zipite, na kila mtu alijua mvua zile zingeifanya nini njia iliyoachwa bila kumalizwa.

Shemeji alirudi na habari hiyo uso unamng'aa. "Nimeshatuandikisha," alisema. "Sote. Na wewe shemeji usijifiche huko uani."

Dada akaguna. Mimi nikauliza kama tutapewa kipande kizima au nusu. Hakimu hakucheka. Aliweka kijiko chini, akamtazama baba yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, hii tusiianze."

Nimemtania shemeji yangu miaka yote hiyo na hakuna neno langu lililowahi kumpata. Hilo lilimpata. Uso ulimshuka, akajaribu kucheka, kicheko kikagoma. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya mtoto kama mtu aliyeitwa shuleni.

"Hii nitaimaliza," alisema. "Nikishindwa, usiniamini tena, na sitakulaumu."

Hakimu alikunja mikono. "Sawa," akasema. "Lakini mimi ndiye nitakayekuangalia."

Tulifika Ijumaa alasiri tumebeba vitu kama watu wanaohama. Chini ya mlima kuna uwanja wa majani, na familia zilikuwa zimeshaanza kugombania kivuli. Kulikuwa na mahema mapya yenye zipu, na kulikuwa na mahema yaliyoshonwa kwa turubai za malori. Letu lilikuwa la kundi la pili. Msimamizi wetu alikuwa mwanamke mrefu wa ofisi ya misitu, kofia pana, buti, filimbi shingoni. Watoto walimbandika jina la Mama Misitu kabla hajamaliza salamu. Alieleza kazi vizuri kiasi kwamba hata mimi nilielewa. Njia haipandi mlima moja kwa moja, inaukata kwa mshazari. Unachimba upande wa juu, unasawazisha, unashindilia, halafu unauacha ukingo wa nje uwe chini kidogo, ili maji ya mvua yavuke njia na kwenda zake badala ya kutembea juu yake.

"Jumapili nitakuja na toroli lenye ndoo ya maji," alisema. "Nitalisukuma kutoka hapa hadi juu. Litakapokwama, hapo hakuna njia. Na kila kipande nitamwaga maji. Yakituama, au yakifuata njia, mmefeli."

Mstari wenyewe alikuwa ameshauweka. Vilikuwa vigingi vifupi vya mti, vimepakwa rangi nyekundu kichwani, vimepangwa ubavuni mwa mlima tangu chini hadi kileleni, na kila familia ingefuata vyake. Alitukataza kuvigusa. Alitukataza mara mbili, na mara ya pili aliwatazama watoto. Ingefaa awatazame baba zao.

Kipande chetu kilikuwa karibu katikati ya mlima. Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa makanika wa mabasi anayeitwa Spana, mtu mnene, mcheshi, mwenye watoto wengi na sauti ya kuzidi injini zake. Kati ya kipande chetu na chake palikuwa na kichaka kizito cha miiba, huwezi kuona upande wa pili. Tukakubaliana kwamba atakayemaliza kwanza ndiye atakayekikata.

Jioni ile upepo ukaanza kuvuma. Tulikuwa bado tunahangaika na turubai letu niliposikia maneno ninayoyajua.

"Fundi! Njoo kidogo!"

Alikuwa Spana. Hema lake lilikuwa linataka kuruka na watoto wake walikuwa wamening'inia kwenye pembe zake, wanapiga kelele za furaha. Shemeji alimtazama Hakimu. "Dakika moja tu," alisema, akakimbia. Alikaa huko mpaka kiza kikaingia, anagonga vigingi ambavyo Spana alikuwa akimletea kwa mkupuo. Sisi tukasimamisha hema letu wenyewe, likasimama upande upande kama mlevi. Aliporudi Hakimu alikuwa amelala, au alikuwa amefumba macho.

Asubuhi tulimkuta mtoto amekaa nje, mkononi ana kamba ya hema iliyobaki. "Baba, njoo," alisema. Akamzungushia kamba kiunoni, akakaza fundo, kisha ncha ya pili akajifunga yeye mwenyewe.

Dada akashika mdomo. "Wewe! Unamfunga baba yako kama mbuzi?"

"Mbuzi hasemi dakika moja," akajibu Hakimu.

Shemeji alisimama mikono juu, akafungwa bila ubishi. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye umande.

Tukapanda hivyohivyo, baba mbele, mtoto nyuma, kamba katikati. Shemeji alikamata sururu, dada jembe, mimi beleshi, Hakimu reki. Jua halijapanda vizuri, wakaanza. "Fundi, njoo kidogo, mpini umekatika!" Shemeji akainua mguu. Kamba ikanyooka. Hakimu hakuvuta, alisimama tu na reki yake. "Siwezi," shemeji akapaza sauti. "Nimefungwa!" Watu wakacheka, wakadhani ni mzaha. Mwingine akaita, jiwe limemshinda. Mwingine akaita, beleshi limelegea. Kila mara mguu uliinuka, kila mara kamba ikanyooka. Jasho lililomtoka mtu yule asubuhi ile halikuwa la kuchimba. Nilimwona akimeza mate kama mtu anayepitishiwa sahani ya chakula. Baadaye alibadilisha jibu. "Siwezi," alisema, na safari hii hakutaja kamba. "Nina kazi." Yule mwenye beleshi akaja mwenyewe kumwangalia, akamuuliza dada kwa sauti ya chini kama mumewe anaumwa.

Mchana ulipofika alikuwa hageuzi tena kichwa. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukiona katika miaka yangu yote ya kukaa uani kwao: shemeji yangu akipita ile sehemu ambayo huwa anaachia. Kwa kawaida huanza kwa moto, anafika pazuri, anaitwa. Safari hii alifika pazuri akaendelea. Alipanga mawe ya ukingo, moja likakataa kukaa, akalitoa, akalichimbia upya, likakaa. Alipiga magoti akasawazisha udongo kwa viganja. Dada alikuwa amemsimamia nyuma, ameegemea jembe, na nilipomtazama akakwepesha macho haraka akaanza kulima pasipolimwa.

Jioni malengelenge yalikuwa yamejaa mikononi mwetu, mgongo wangu umekataa kunyooka, na nilikuwa na furaha ya kipumbavu ambayo sikutaka mtu aione. Uwanja mzima ulinukia moshi na viazi vya kuchoma. Watoto walikimbizana kati ya mahema wakikwaa kamba, mama zao wakiwaonya na wenyewe wakikwaa vilevile. Hakimu alimfungua baba yake ili ale. Nikamwambia shemeji ameachiwa kwa dhamana, asitoroke. Akasema hata akitaka kutoroka miguu haina habari naye.

Jumapili Hakimu alijifunga tena na baba yake, tukapanda mapema, tukamalizia kushindilia, na likawekwa jiwe la mwisho. Hakimu aliliweka mwenyewe. Kisha akafungua ncha yake ya kamba, akachukua kikombe cha maji, akatembea kipande chote kuanzia mwanzo, polepole, mikono imekunjwa kadiri kikombe kilivyomruhusu, na kila baada ya hatua chache akamwaga kidogo. Maji yalikwenda ukingoni, yakadondokea majanini, yakapotea. Sote tulikuwa tumesimama, watu wazima watatu tunamngoja mtoto mmoja.

"Imeisha," akasema.

Shemeji alikaa juu ya jiwe. Dada alimwendea akampangusa udongo begani, na hakuguna.

Tukakikata kile kichaka kwa shangwe. Mimi nilikuwa naimba. Tawi la mwisho lilipoanguka, tukawa tunatazama buti. Buti za Spana, zimesimama imara juu ya njia yake, sawasawa na pua yangu. Njia yetu ilifika pale ikagota kwenye ukuta wa udongo, na njia yake ilianzia juu ya ukuta huo.

"Karibuni!" Spana akasema kwa bashasha, kisha akatazama chini, na bashasha ikamtoka. "Mbona nyinyi mko shimoni?"

"Mbona wewe uko angani?" shemeji akauliza. "Spana, umefuata vigingi?"

Spana akajikuna kichwa. Ilikuwa hivi. Ijumaa hema lake lilikuwa na vigingi pungufu, upepo nao hauna subira, na pale ubavuni mwa mlima vilikuwepo vingi vimesimama tu. Akachomoa vya kwake. Asubuhi akavirudisha, kwa macho. "Na jicho langu mimi ni zuri," aliongeza. "Nikiangalia tu ekseli, najua imepinda."

"Ulichomoa vigingi vya njia?" Shemeji alipaza sauti. "Mtu mzima na akili zako, ulichomoa vigingi vya njia ukafungia hema?"

"Lakini Fundi," Spana akasema kwa upole, "si wewe ndiye uliyevigonga?"

Nilimwona shemeji akikumbuka kile kiza, ule upepo, na vile vijiti alivyokuwa anapokezwa bila kutazama. Mimi niligeuka nikatazama miti, maana ningecheka pale ningepigwa kwa jembe.

Mama Misitu aliitwa. Alitazama juu, akatazama chini, akavua kofia, akaivaa tena. Kipande cha Spana kilikuwa kimechongwa kwenye mwamba, hakishuki. Chetu kilikuwa udongo. Njia pekee ilikuwa sisi tuanze kupanda tangu katikati ya kipande chetu, polepole, mpaka tukutane naye. "Maana yake hii nusu ya juu muibomoe," alisema, "muijaze mawe, muijaze udongo, mshindilie upya. Toroli linakuja adhuhuri. Siwasogezei muda, kwa sababu nikiwasogezea nyinyi nitawasogezea wote." Akapiga hesabu ya jua kwa jicho, akashuka.

"Hapana," shemeji akasema.

Alisema tena, kwa nguvu zaidi, mpaka watu wa vipande vingine wakasimamisha majembe kusikiliza. "Hapana! Mimi nimefuata vigingi. Nilimwahidi mtoto nitamaliza, nimemaliza. Hii ni kazi ya kwanza... Mmeiona wenyewe. Sibomoi hata jiwe moja."

Miaka yote ile tulikuwa tunamwomba Mungu amfundishe neno hilo, na kumbe siku ya kulijua ndiyo hii. Nilikasirika, na papo hapo nilimwelewa kabisa. Ningekuwa mimi, ningelala juu ya kile kipande wanikanyage.

Hakimu alitembea hadi mwisho wa njia yetu. Akasimama mbele ya ule ukuta wa udongo, ukampita kimo. Akanyoosha mkono juu, vidole vikagusa ncha ya buti ya Spana. Kisha akageuka.

"Baba, mimi napita wapi?"

Shemeji aliutazama ule ukuta.

"Nilisema imeisha," mtoto akasema, na machozi yakaanza kumtoka waziwazi, hakuyaficha. "Haijaisha. Haifiki."

Akalishika lile jiwe la mwisho, lile aliloliweka mwenyewe, akalivuta kwa mikono miwili mpaka likang'oka. Akalibeba likamwelemea, akaja akaliweka miguuni pa baba yake. Halafu akafungua fundo la kamba kiunoni mwa baba yake. Alichukua muda, kwa sababu lilikuwa limekazwa kweli. "Sisi wanne hatutoshi," alisema. "Leo waite wewe."

Nakuambia ukweli, mtu yule alikuwa hajawahi kumwita mtu yeyote maishani mwake. Aligeukia mlima, akafungua kinywa, akasema, "Jamani..." kwa sauti ya mtu anayeomba njia kwenye mlango wa benki. Hata Spana pale juu hakusikia. Akajaribu tena, ikatoka hivyohivyo. Mimi sikuvumilia. Nikaweka mikono mdomoni nikapiga kelele ambayo nadhani ilifika mtaani kwetu: "Fundi anaita! Njooni! Na msije kidogo, njooni sana!"

Spana aliruka kutoka juu, ardhi ikatikisika, watoto wake wakamfuata kama viazi vinavyomwagika kutoka guniani. Kisha nikasikia miguu. Walitoka chini, walitoka juu, na majembe, na matoroli, na watoto mgongoni. Yule wa mpini uliokatika alikuja na kipande cha mpini. Shemeji alivuta pumzi, akainua sururu, na yeye mwenyewe akapiga pigo la kwanza kwenye ile nusu aliyoilainisha kwa viganja vyake. Nilifumba macho. Lakini pigo la pili lilikuwa jepesi, na la tatu lilikuwa la mtu mwenye haraka.

Sijawahi kuona kazi kama ile. Watoto walipanga mstari kutoka kwenye mtaro wa zamani, mawe yakapita mkono kwa mkono, makubwa kwa wakubwa, madogo kwa wadogo, na mtoto mmoja mdogo sana alipokezwa changarawe moja moja akazifikisha zote kwa heshima. Shemeji alikuwa mbele, anaonyesha pa kuweka, anapiga goti, anasimama, anasema, "Hapa. Hapa tena. Hilo ligeuze." Dada alikuwa pembeni yake, anajua anachotaka kabla hajasema. Udongo ulipojaa, Mama Misitu hayupo, vishindilio viwili tu, nani ashindilie? Hakimu akaamuru watoto wote waruke. Wakaruka, wameshikana mikono, wanaimba wimbo waliotunga papo hapo ambao maneno yake yote yalikuwa "ruka." Wakamvuta na Spana. Spana aliporuka mara chache, pale mahali pakawa kama saruji, nikasema tumkodishe kwa mlima mzima.

Filimbi ikalia chini. Tuliona ile kofia pana imeanza kupanda, inakata kona, inapotea kwenye miti, inatokea. "Bado ukingo!" shemeji akasema. "Ukingo wa nje uko juu!" Wenzetu wakarudi nyuma wampe nafasi. Alikuwa peke yake sasa, anakwangua kwa jembe, anatazama, anakwangua, na toroli lilikuwa linasikika likilia gurudumu. Alipiga jembe la mwisho, akaruka pembeni, na gurudumu likafika.

Mama Misitu hakututazama. Alisukuma. Toroli likaingia kwenye kipande chetu cha zamani, likapita kama kwenye sakafu. Likafika pale katikati inapoanza kupanda, gurudumu likazama kidogo kwenye udongo mpya, likasimama. Ndoo ikayumba. Mkono wa Hakimu ukaingia katika mkono wangu, ukanibana malengelenge, nami sikuhisi. Mama Misitu akashusha mabega, akasukuma kwa kifua. Gurudumu likapanda. Likapanda tena, likafika kwenye mwamba wa Spana, likagonga mara moja, tok, likapita.

Akarudi na kata ya maji, akamwaga palepale kwenye maungio. Maji yakasita, yakawa kama yanafikiri. Kisha yakateleza kwenda ukingoni na kudondokea majanini. Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kusukuma hadi juu, na sisi tukabaki tumesimama hatujui la kufanya na mikono yetu. Filimbi ilipolia kutoka kileleni, ndefu, isiyokatika, mlima mzima ulipiga vigelegele. Spana alimnyanyua mke wake. Dada yangu, mwanamke wa kuguna, alikuwa anaruka kama msichana.

Mama Misitu alishuka, akatuambia kwamba kwao kuna desturi: aliyepiga jembe la mwisho ndiye anayepita wa kwanza, peke yake, wengine wafuate. Watu wote walimgeukia shemeji. Alitaka kukataa, tukamsukuma. Akaanza kutembea. Alipita nusu ya chini ya kipande chetu, alipita mawe aliyoyapanga Jumamosi, akafika pale kwenye maungio, akasimama. Alitazama chini, pale mahali udongo ulipokutana na mwamba, mahali ambapo asubuhi palikuwa ukuta. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua analia, na mtaa mzima umemtazama. Alikaa pale muda mrefu.

"Baba," Hakimu akamwita kutoka nyuma yetu, kwa sauti yake ileile ya kutoa hukumu, ila safari hii ilikuwa imepasuka katikati. "Usiishie hapo. Malizia."

Shemeji akafuta uso kwa kiganja chenye udongo, akajichafua zaidi, akapanda hadi juu kabisa.